MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mtu aliyezoea kuutaja Mkoa wa Ruvuma kwa mahindi na kahawa tu, yafaa ateremke hata ziwani. Akitoka Mbinga, barabara ya lami ya kilometa 66 itamshusha kona baada ya kona katika milima ya Umatengo, mpaka afike Mbamba Bay, mji uliokaa kati ya milima na maji ya Ziwa Nyasa. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina makao yake makuu hapo.

Njia ikifunguka, mgeni hufuata. Yupo mgeni wa kukodi gari na kiongozi wa njia, akatembezwa yeye na jamaa zake kutwa nzima, kisha jioni akarudi alikofikia. Hatuna neno na biashara hiyo. Ni kazi halali, na nchi yataka fedha. Swali letu ni moja tu: katika safari hiyo ya kutwa, ni nani anayetangulia mbele ya mgeni, na jua likizama mkononi mwake mna nini?

Sheria imekwisha sema sehemu yake. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 iliiweka kazi ya kuongoza watalii mikononi mwa raia, na amri ya Serikali ya Julai 2025 ikaitaja tena miongoni mwa biashara zisizoruhusiwa kwa wasio raia. Hilo ni jema. Lakini sheria yaweza kumzuia mtu wa nchi nyingine, isiweze kumzuia raia wa mji wa mbali anayekuja na gari lake, akamwonyesha mgeni asichokijua, akaondoka na ujira wote, na mwenyeji akabaki kupigwa picha mlangoni pake.

Nasi twasema mwenyeji ana kitu asichonacho mtu wa mbali. Tutazame mashamba ya ngoro kwenye miteremko ya Umatengo. Mpita njia huona mashimo tu. Mwenyeji ajua kwamba wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, nao wanawake huchimba katikati na kuzifunika kwa udongo. Kwamba mvua hutulia mashimoni badala ya kuuporomosha mlima, na nyasi zikioza huwa mbolea ya maharage na mahindi. Hiyo ni elimu ya wakulima, tena ya zaidi ya miaka mia. Nani aifundishe ikiwa si mtoto wa mama aliyeshika jembe?

Twende Liuli. Hapo lipo jiwe la Pomonda, ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Sphinx ya Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mizinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu itengenezwe, na nahodha wake hana habari kwamba vita vimeanza. Wageni hupenda kisa hicho na kukicheka. Lakini meli ile, iliyoshushwa majini mwaka 1893, ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na penye maporomoko ilipita mabegani mwa wapagazi. Majina ya manahodha yameandikwa. Ya wapagazi hayakuandikwa. Kiongozi aliye mtoto wa ziwa hatamaliza kisa bila ya kuwataja.

Hata ziwa lenyewe lataka mtu wake. Kina chake chafika kiasi cha mita 700, na mamia ya aina za samaki wake hawapatikani mahali pengine popote duniani. Jirani zetu wa Malawi wanao upande wao wa kusini hifadhi ya taifa iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1984, kwa ajili ya samaki hao hao. Lakini mvuvi wa Mbaha, kule kaskazini kati ya Liuli na Lituhi, ndiye ajuaye mwamba upi una samaki wa rangi, na upepo wa kusini ukianza kuvuma ni saa ipi mtumbwi usitoke. Ujuzi huo huokoa roho za watu. Si haki ulipwe kwa soda na ahsante.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, vijana wa Mbaha, Liuli na Mbamba Bay wafundishwe kazi hii, lugha na huduma ya kwanza, wasaidiwe kupata leseni, na wajiunge katika ushirika wao. Pili, mwenye gari wa mbali asifukuzwe, bali kila afikapo kijijini amchukue kiongozi wa hapo, kwa ujira uliopatanwa kabla ya safari na kuandikwa. Bakshishi ni hisani ya mgeni. Mshahara ni haki ya mfanyakazi, na kimoja kisitumiwe kukifuta kingine. Tatu, bei zijulikane, na kila anayepanda chombo avae jaketi la kujiokolea.

Na wenyeji nao tuwaambie kweli. Mgeni si ng'ombe wa kukamuliwa. Akidanganywa bei leo, kesho hatarudi, na habari zake zitamtangulia mwingine.

Wafanyakazi wa Songea na Mbinga nao wasingoje watu wa ng'ambo wawaonyeshe nchi yao. Wachangishane nauli, washuke ziwani siku ya mapumziko, wamlipe kijana wa huko awaongoze. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ameanza kuja. Kupona kwa mwenyeji hakutakuja kwenyewe, kwataka kupangwa.