Ukikwama Juzuu, Usijitukane

Kila baada ya mtihani wa hifdhi wapo wanafunzi wanaojiita wajinga, kisha wakaacha chuo kwa aibu. Wengine hudhani kujilaumu hivyo ndiyo ucha Mungu. Mimi naona ni kuidhulumu nafsi. Katika hadithi ya Bi Aisha (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, anayesoma Qur'ani kwa tabu huku akikwama ana ujira mara mbili. Basi ulimi mzito si laana! Na Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa takriban miaka 23. Ndugu mwanafunzi, rudi kwenye ukurasa uliokushinda, shika mistari mitano tu leo, umsomee mwenzio baada ya Magharibi. Nanyi wazazi, msimlinganishe na mtoto wa jirani. Mwulizeni amefika aya gani.