Cheti cha Ukaguzi si Dhamiri ya Muuzaji



Wapendwa waamini, Jumapili moja baada ya Misa muumini mmoja aliniomba nimbarikie gari alilolinunua kwenye yadi huko Dar es Salaam. Fedha zake zilikuwa jasho la kahawa ya misimu mitatu. Nikiwa na maji ya baraka mkononi, nilimwuliza kama fundi amekwisha kuziangalia breki. Akatabasamu, akafungua droo ya mbele na kunionyesha karatasi. “Padre, gari hili lina cheti.”

Niliibariki safari yake, lakini jibu lile halikuniacha.

Cheti hicho ni nini hasa? Magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini hukaguliwa kwa viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Kwa miaka mingi ukaguzi ulifanyika kule yatokako, kama Japani, kabla ya gari kupakiwa melini. Mwaka 2021 TBS ikaanza kuyakagua yakishafika nchini. Mkaguzi hutazama breki, usukani, taa, matairi na mengineyo. Ni kazi njema, wala siidharau. Lakini cheti ni shahidi wa siku moja tu. Baada ya siku hiyo gari hukaa yadini kwenye jua na mvua, huendeshwa na huyu na yule, huuzwa mara ya pili na ya tatu, na karatasi ile ile ya zamani huendelea kutolewa kana kwamba wino wake ndio unaosimamisha magurudumu.

Sisi wa huku hatuna nafasi ya kubahatisha. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Anayeteremka kwenda Mbamba Bay anazitegemea breki kona baada ya kona. Tukumbuke pia Julai 2022 kule Mikindani, Mtwara, gari lililowabeba wanafunzi asubuhi lilipotumbukia korongoni, na watoto wakapoteza maisha. Taarifa za mwanzo za polisi zilitaja hitilafu ya breki.

Siku tatu baadaye muumini yule alirudi. Ameniruhusu niandike bila kumtaja. Fundi alikuwa ameliinua gari na kukuta bomba la mafuta ya breki limeliwa na kutu. Akaniuliza kwa sauti ya chini: “Padre, nikiliuza bila kusema, nitakuwa nimetenda dhambi? Mbona na mimi nimeuziwa hivyo hivyo?”

Swali hili si geni. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino alijiuliza kama muuzaji analazimika kuitaja kasoro ya kitu anachokiuza. Alitofautisha vizuri. Kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji si lazima aitangaze, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, lazima isemwe. Akiificha, ametenda udanganyifu. Rangi iliyochubuka mnunuzi anaiona mwenyewe. Bomba la breki liko uvunguni. Nayo Torati, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, inamwagiza ajengaye nyumba azungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Mungu hamngoji mtu aanguke ndipo aulize. Anauliza mapema kama ukingo umejengwa.

Kwa hiyo nilimjibu: kudanganywa kwako ni dhuluma, na unayo haki ya kumrudia aliyekuuzia na kumdai. Lakini dhuluma hailipwi kwa kumpokeza jirani asiye na hatia. Ama litengeneze, ama liuze ukisema ukweli kwa bei inayolingana na ubovu wake. Alinyamaza kwa muda mrefu. Najua alikuwa akihesabu magunia ya kahawa.

Ndugu yangu unayenunua, kipokee cheti, usome tarehe yake, ulinganishe namba ya chasisi na kadi ya gari. Kisha mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, aliinue gari na aliendeshe mlimani kabla hujatoa fedha. Gharama yake ni ndogo kuliko majuto. Nawe unayeuza, usijifiche nyuma ya mhuri wa mkaguzi. Yeye alilikagua gari kwa saa chache. Wewe umeishi nalo, na unajua linavyolia likiteremka.

Muumini yule aliamua kulitengeneza. Imemgharimu sehemu kubwa ya msimu ujao. Akilileta tena, nitalibariki kwa furaha.

Ndimi padre wenu katika Kristo.