Tusipelekwe Kisite Kabla ya Kufunzwa Kuogelea

Ukinikuta njiani ukaniuliza maana ya methali "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani", nitakujibu bila kupepesa macho. Nitakupa maana ya nje, nikupe ya ndani, na kisa kidogo cha kuifafanua nikuongezee. Alama zangu nitazipata zote. Lakini hadi Februari mwaka huu, haki ya Mungu, sikuwa nimewahi kuona tezi wala omo, na ngama nilidhani ni aina fulani ya bandari! Wala sikuwa peke yangu. Darasa zima tulikuwa vivyo hivyo, sisi wana wa Kinango tuliozoea mifugo, mahindi na kiangazi, ilhali tuko kaunti moja na bahari.

Ndiyo maana Chama chetu cha Kiswahili kilipoamua kwenda Shimoni na kisiwa cha Kisite kukusanya msamiati wa bahari, niliunga mkono kwa mikono miwili. Leo siandiki kuipinga safari ile. La hasha! Naandika kusema kwamba tuliifanya kinyumenyume. Tulianza na boti, tukasahau kuogelea. Maoni yangu ni haya: shule yoyote inayotaka kuwapeleka wanafunzi kwenye matumbawe iwafunze kwanza kuogelea, hata kama ni kidogo tu. Asiyejua kuelea majini huwa hatari kwa nafsi yake, na huwa hatari kwa bahari yenyewe. Ushahidi ninao, na shahidi wa kwanza ni mimi.

Tulitoka shuleni kabla ya jogoo kuwika mara ya pili. Tukapita Kwale, Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha tukaiacha barabara ya Lungalunga na kukata kushoto hadi Shimoni, mji uliopata jina lake kutokana na mapango yake. Gatini tuligawanywa katika boti mbili za faiba, kumi na wawili kila boti. Tulivishwa majaketi ya kuokoa maisha, tukafungwa kamba hadi pumzi zikakatika. Ng'ambo ya mkono wa bahari tulikiona kisiwa cha Wasini, kisiwa ambacho hakina gari hata moja. Mashine zikanguruma, omo ikainuka, nasi tukapiga mayowe kana kwamba tumefaulu mtihani.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Wasini, mtu wa maneno machache. Nilimwomba anionyeshe ngama. Akacheka.

"Mwanangu, hii ni boti ya kisasa. Omo ni huko mbele ulikoketi. Tezi ni hapa nyuma penye mashine. Ngama ataka uende ukaitafute kwenye jahazi, kule chini yanakokusanyika maji mpaka yachotwe yamwagwe nje. Hata ukizunguka chombo kizima, kazi yakungoja palepale."

Jamani! Methali niliyoikariri miaka mitatu ilinifungukia kwa dakika moja. Safari ya namna hii ina faida isiyopatikana kwenye kitabu, na hilo halina ubishi.

Njiani tulikutana na pomboo. Nahodha wetu alipunguza mwendo, akawaacha wapite ubavuni mwetu kwa raha zao. Boti nyingine iliyobeba wageni ikaja mbio, ikawakata mbele ili watu wapige picha. Pomboo wakazama, wakaenda zao. Wote tukakosa. Nilisonya moyoni nikasema, tazama watu wasio na adabu ya bahari. Kumbe nyani haoni kundule! Nusu saa baadaye aibu ilikuwa yangu.

Kabla sijasimulia, nieleze Kisite ni mahali gani. Ni kisiwa kidogo sana cha miamba, hakina watu, na kimezungukwa na matumbawe. Kenya ilianza kuhifadhi bahari mwaka wa 1968, pale hifadhi za Malindi na Watamu zilipoanzishwa. Kisite na visiwa jirani vya Mpunguti vikafuata katika miaka ya 1970. Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa. Mpunguti uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Kwa hiyo unapofika Kisite unaingia mahali ambapo samaki hana hofu ya ndoana wala wavu, naye anakutazama kama mwenyeji anavyomtazama mgeni.

Boti haikutia nanga. Baharia alifunga kamba kwenye boya lililowekwa hapo makusudi, kwani nanga ikitupwa ovyo huvunja matumbawe. Tukagawiwa miwani ya majini na mirija ya kupumulia. Maelezo yalikuwa mafupi: uma mrija, pumua kwa mdomo, lala kifudifudi, tazama chini. Basi. Katika watu kumi na wawili, wanne waliojua kuogelea walijitosa mara moja. Saba waliganda botini kama waliogundishwa kwa gundi. Mimi, kwa kuogopa kuchekwa, nikawa wa tano.

Nilichokiona kwanza siwezi kukieleza nikatosheka. Maji yalikuwa maangavu, na chini yake kulikuwa na mji mzima: mengine matumbawe yamechanua kama pembe za kulungu, mengine yamevimba kama mitungi. Vitatange vya manjano na vyeusi vilipita wawili wawili. Pono mkubwa wa rangi ya kijani alikuwa akiuguguna mwamba, nami nikamsikia, krr, krr, kama mtu anayetafuna muwa mkavu.

Kisha wimbi dogo likanipita kichwani, maji yakaingia kwenye mrija, nikayameza. Hamadi! Nikasahau kila nililoambiwa. Jaketi lilinizuia nisizame, lakini halikunifunza kulala kifudifudi. Nilisimama wima majini huku miguu ikipiga huku na huku ikitafuta ardhi. Ikaipata. Nikasikia kitu kikikatika chini ya wayo kama kigae. Nikakanyaga tena ili nisimame vizuri, kikakatika kingine. Baharia alinifikia akanishika mkono. Nilipotazama chini niliona tawi la tumbawe, kubwa kuliko kiganja changu, limelala mchangani, na damu yangu ikichirizika kama uzi.

Nilipandishwa botini. Nahodha hakunifokea, na heri angenifokea. Aliufunga mguu wangu kwa kitambaa, akasema polepole:

"Babu zetu walikuwa wakivua hapa. Tukaambiwa tusivue, samaki wapate kuzaana. Tukaacha. Basi nanyi mnaokuja kutazama, msituvunjie."

Maneno hayo yalinichoma kuliko chumvi kwenye kidonda. Mvuvi ameacha riziki yake ili mahali pale pahifadhiwe, halafu mimi nimekuja kwa boti ya kasi, mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye daftari la msamiati, nikakanyaga!

Yapo mambo ambayo ningefaa kuyajua kabla ya kujitosa. Tumbawe si jiwe. Ni vijinyama vidogo mno vinavyoishi pamoja kwa maelfu na kujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi vijimea vidogo vinavyowapa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi, vijimea hivyo hutoka, tumbawe likabaki jeupe, na joto lisipopungua mapema linakufa. Mwaka wa 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, na weupe huo umerudi tena baadaye, ukiwemo mwaka wa 2016 na wa 2024. Matumbawe ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Lililo na urefu wa kimo changu basi lilianza kukua kabla babu yangu hajazaliwa. Joto la bahari mimi siwezi kulizuia nikiwa Kinango, lakini miguu yangu naweza kuizuia.

Na wale saba waliobaki botini? Walilipa sawa na sisi. Waliunguzwa na jua, wakayumbishwa, wawili wakatapika, wakarudi bila kuona hata samaki mmoja. Watano kati yao walikuwa wasichana, na sababu ya baadhi yao haikuwa woga. Walikuja na sketi za shule, na hakuna aliyewaambia mapema kwamba wangeweza kuvaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, mavazi ya heshima ambayo pia hukinga jua. Je, hiyo ni haki? Tunasema elimu ni kwa wote, kisha tunawapeleka nusu ya watu mlangoni na kuwaacha hapo.

Mchana tulivuka hadi Wasini, tukala wali wa nazi na samaki. Baadaye tulitembezwa kwenye bustani ya matumbawe ya kale, nyuma ya kijiji. Hayo hayamo tena baharini. Yamesimama nchi kavu, makubwa, ya kijivu, katikati ya mikoko. Kikundi cha akina mama wa kijiji kinaitunza njia ya mbao inayopita juu yake, na mgeni hutembea kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukanyaga kitu. Nikasimama kwenye ule ubao huku mguu ukiniuma, nikafikiri: hawa mama wameonyesha njia. Kule majini hakuna ubao. Ubao wetu kule ni kujua kuogelea.

Najua watakaonipinga. Mzazi atasema, "Maji hayana rafiki, mwanangu asiyasogelee." Mzazi mpenzi, nakuheshimu, lakini mwanao tayari wameshampakia botini. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto asiyejua kuogelea yuko salama zaidi akifundishwa, si akifichwa. Mwalimu naye atasema shule yetu haina bwawa la kuogelea, na kwamba hata maji ya kunywa yana taabu. Kweli kabisa. Lakini ninayoyaomba hayahitaji bwawa. Atasimama mwingine aseme haya ni mambo ya watalii, sisi tusome tufaulu. Huyo ndiye ninayempinga zaidi. Bahari ikiwa ya wageni kutazama na yetu sisi kuwabebea mizigo, nani atakayeilinda wageni wakirudi kwao? Wanakijiji wa Wasini wenyewe wamekuwa wakipanda matumbawe upya kwa mikono yao. Kazi hiyo inahitaji watu wanaojua kuingia majini, na sisi wa kaunti hiihii tungefaa kuwa miongoni mwao.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, safari iwe mbili. Jumamosi moja twende ufukwe wa karibu kama Tiwi au Diani, ndani ya mwamba ambako maji hutulia, wakati ambao bahari si ya kujaa sana. Tusimame kwenye mchanga, maji ya kiunoni, na mwalimu anayejua kuogelea. Tufunzwe kuelea kifudifudi, kupumua kwa mrija, kuutoa maji kwa kupuliza kwa nguvu, na kupiga miguu polepole bila kuishusha.

Pili, siku ya Kisite, asiyeweza kuelea dakika tano bila kuhangaika asiachwe ajitose peke yake. Avutwe kwa boya na baharia. Naam, mimi nilivutwa hivyo baadaye, baada ya yote, na katika dakika kumi zile nilimwona kasa akipita chini yangu taratibu kama mzee aendaye sokoni. Kumbe njia ilikuwepo tangu mwanzo!

Tatu, wasichana waelezwe mavazi wiki moja kabla. Nne, kabla ya mtu yeyote kuvaa miwani, nahodha apewe robo saa atueleze tunakwenda kuona nini na tusiguse nini. Robo saa hiyo ingetosha kuniokolea aibu, na tawi lile lingekuwa limesimama hadi leo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Yanahitaji mpango na subira. Tulikuwa na haraka ya kupanda boti ya kasi, na haraka haraka haina baraka.

Safari ilinipa maneno thelathini na manane ya bahari. Nimeyaandika kwenye daftari la chama, na wanachama mko huru kuyasoma. Lakini nahodha alinifunza kwamba hata ukizunguka chombo kizima, kazi hukungoja ngamani. Sisi tumeshazunguka, tumeona tezi, tumeona omo. Ngama yetu ni yale maji ya kiunoni tuliyoyaruka. Chama kikipanga kwenda Kisite tena, orodha ya majina iandikwe baada ya somo la kuogelea, na langu liwe la kwanza.

Mwanachama, Kidato cha Tatu