Makofi ya Huruma

Msomaji, pana aina mbili za makofi. Moja hutoka katika sikio lililoshiba, na nyingine hutoka katika moyo uliohurumia. Ya kwanza ni malipo. Ya pili ni sadaka. Nasimama katika kurasa hizi kuyashitaki makofi ya huruma, kwa kuwa yameenea mno katika matamasha yetu ya muziki, na kwa kuwa wapigiwao ni wazee wetu: watu waliostahili malipo wakapewa sadaka.

Dai langu ni hili. Wanamuziki wakongwe wapandapo jukwaani, ni haki yao kulinganishwa, mzee kwa mzee na bendi kwa bendi, kwa sikio kali lisilo na upendeleo. Yule akataaye kuwalinganisha kwa kisingizio cha heshima hawaheshimu. Amekwisha kuwahesabu katika wafu, maana wafu peke yao ndio wasiotazamiwa kufanya vizuri zaidi kesho.

Najua kwamba neno hili haliingii masikioni kwa urahisi. Sisi watu wa pwani tumelelewa kumwamkia mzee, kumpisha kitini, na kutompinga mbele za watu. Malezi hayo ni mema, wala siyatukani. Lakini adabu ya barazani ni kitu kimoja, na haki ya jukwaani ni kitu kingine. Fundi wa jahazi hawezi kusifiwa kwa mvi zake ikiwa chombo chake chavuja. Na ikiwa chombo chake chaelea, ni dhuluma kusema kuwa kimeelea kwa sababu ya mvi.

Wasikilizaji wengi hukosea kwa mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza hupima sauti ya leo kwa santuri ya zamani. Wao walikwisha kuipenda sauti ya kijana wa miaka 25, na sasa wanamdai mzee wa miaka 75 aitoe ile ile, kama kwamba koo ni sanduku la kuhifadhia nguo. Wa pili hawapimi kitu. Wamwonapo mzee amesimama, hushangilia kule kusimama kwake. Anyanyuapo mkono, hushangilia mkono. Wimbo wenyewe hawakuusikia. Wa kwanza ni wakatili, na wa pili ni wavivu, na mzee hapati haki yake kwa yeyote kati yao.

Tutazame mfano wa mbali kwanza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, huko Indio katika jimbo la California, Marekani, lilifanyika tamasha lililoitwa Desert Trip. Kwa siku tatu, na kwa siku tatu nyingine za juma lililofuata, walipanda jukwaani wakongwe sita wa muziki wa roki, wawili kila siku: Bob Dylan na Rolling Stones, Neil Young na Paul McCartney, The Who na Roger Waters. Dylan alikuwa na umri wa miaka 75, McCartney 74, na Mick Jagger wa Rolling Stones 73. Walikuwapo waliolidhihaki tamasha lile kuwa ni mkutano wa wastaafu.

Lakini siku ya kwanza peke yake ilitosha kumfundisha mwenye kutaka kujifunza. Dylan ajulikana kwa miaka mingi kuwa hubadili mahadhi ya nyimbo zake, hata aliyekuja kuimba pamoja naye hupotea njia. Rolling Stones huuweka wimbo karibu na mahali msikilizaji alipouacha, nao huutia nguvu za magitaa na miguu isiyotulia. Hizi ni njia mbili za kuzeeka. Mmoja huukata wimbo upya ili umkae mwili alio nao sasa, kama mshonaji akatavyo kanzu. Mwingine huutunza mwili ili uenee katika kanzu ile ile. Ipi bora? Hilo ni swali halali, na mimi nalijibu bila kuogopa: namwelekea mwenye kukata upya, kwa sababu mwili hauna budi kushindwa siku moja, na kanzu isiyopunguzwa itamkanyagisha mwenyewe. Wewe waweza kunipinga. Lakini utanipinga kwa sikio, wala si kwa kuhesabu miaka. Tarehe 13 Oktoba, kati ya majuma yale mawili, ilitangazwa kuwa Dylan ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kesho yake ilimbidi kupanda jukwaani kama kawaida, na tuzo haikumwimbia hata ubeti mmoja.

Sasa turudi kwetu. Kila mwaka, mwezi wa Februari, Mji Mkongwe wa Unguja hupokea tamasha liitwalo Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kwa upungufu wa fedha, kisha likarudi. Sharti lake moja nalipenda kuliko mapambo yake yote: muziki hupigwa papo hapo, kwa mikono na koo zilizopo, wala mtu hapandi kufumbua mdomo juu ya sauti iliyohifadhiwa mashineni. Sharti hilo ni mizani. Huwaweka kijana na mzee, mwenyeji na mgeni, katika hukumu moja.

Katika mizani hiyo alipimwa Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote, na watu walishughulika mno na fumbo hilo. Walikuja kutazama umri ukiimba. Waliosikiliza walipata zaidi ya hayo. Bibi yule alikuwa mwimbaji wa taarabu aliyezifuata nyayo za Siti binti Saad, na pia alikuwa mwalimu wa unyago aliyejua kupiga ngoma kubwa. Sauti yake ya uzeeni ilikuwa na mikwaruzo, naye hakujaribu kuificha. Aliifanya mikwaruzo hiyo kuwa sehemu ya maneno. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na wengi wakasema amepewa kwa uzee wake. Maneno hayo ni matusi yaliyovishwa nguo ya sifa. Wazee wako wengi. Walioweza kuifanya sauti iliyochakaa iseme jambo ambalo sauti laini haiwezi kulisema ni wachache.

Mlinganishe sasa na Culture Musical Club, chama cha taarabu cha Unguja kilichoundwa mwaka 1958. Hapo uzee si wa mtu mmoja, bali ni wa chama. Mpiga fidla huzeeka na mwingine hukaa katika kiti chake, na kanuni, udi na kodiani huendelea kuitikiana. Bi Kidude aliondoka na sauti yake kaburini. Chama huizika sauti ya mtu na kubaki na ya kwake. Anayesema wote wawili ni “hazina ya zamani” na kunyamaza hapo, hakusema kitu. Kulinganisha ndiko kulikotuonyesha kuwa hazina ni mbili, na kwamba kila moja yahitaji mlinzi wa namna yake.

Huko Dar es Salaam pana ushindani mkongwe kati ya Msondo Ngoma, bendi iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, na Mlimani Park Orchestra, maarufu kwa jina la Sikinde, iliyozaliwa mwaka 1978. Mashabiki wao hubishana kama watani. Ubishi huo ni afya, lakini una kasoro moja: wengi hushabikia jina. Muhidin Gurumo aliimba NUTA Jazz, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, na baadaye akarudi Msondo, kabla ya kufariki mwaka 2014. Je, koo lake lilibadilika alipovuka barabara? Shabiki wa jina atasema ndiyo. Msikilizaji ataeleza magitaa yalivyompokea hapa na tarumbeta zilivyomjibu kule. Hata hivyo, ni heri shabiki mkaidi kuliko mpiga makofi ya huruma, kwa kuwa shabiki angalau ataka kushinda, na bendi itakiwayo kushinda hufanya mazoezi.

Nimekwenda mbali ili nirudi Kinango. Nilihudhuria sherehe moja ya hadhara katika kaunti yetu ya Kwale. Palikuwa na vikundi viwili vya wazee wa sengenya, na baada yao kijana mwimbaji. Kikundi cha kwanza kilipiga kwa mazoea: chapuo lilikwenda njia yake na vumi njia yake. Katika kikundi cha pili mpiga zumari alikuwa mzee sana, pumzi yake fupi. Lakini alijua ufupi wake. Alipuliza kidogo, akanyamaza, akauacha upatsu ujaze nafasi, kisha akaingia tena mahali ambapo moyo ulikwisha kumngoja. Nikasema moyoni, huyu ni mwalimu wangu. Kabla hajamaliza, mwongozaji alikatiza ngoma, akawashukuru “wazee wetu wote” kwa maneno yale yale, makofi yale yale yakapigwa, na kijana akaitwa. Kijana akafumbua mdomo juu ya wimbo wake uliorekodiwa, akakaa jukwaani hadi jua likazama.

Msomaji, dhuluma ilikuwa wapi? Usiseme ni kwa kijana peke yake. Dhuluma ilianzia katika makofi yaliyolingana. Kikundi kilichozembea na kikundi kilichotukuka vilipewa kipimo kimoja, na kwa hiyo mwongozaji hakuona anakatiza nini. Asiyetofautisha hana sababu ya kuongeza dakika.

Pana watakaonijibu kwamba wakati wa wazee umepita, na kwamba umati huja kwa ajili ya vijana. Nawauliza: umati utajuaje kupenda kitu ambacho haukuachiwa kukisikia hadi mwisho? Wengine watasema kwamba kumkosoa mzee hadharani ni kumvunjia heshima. Katika mashindano ya muziki ya shule, mtoto wa miaka kumi huimba mbele ya waamuzi wenye kalamu, akaambiwa pumzi yake imekatika wapi na mahadhi yake yamepotea wapi. Hatuoni kwamba tumemtukana. Twaona kwamba tumemjali. Basi kwa nini tumjali mtoto kwa kumsikiliza, na mzee tumjali kwa kutomsikiliza?

Sisemi azomewe. Nasema aulizwe maswali matatu, kimya kimya, moyoni mwa kila msikilizaji. Je, afanya muziki sasa hivi mbele yangu, au mashine yamfanyia? Je, aijua nguvu aliyobaki nayo na kuitumia kwa hekima, au aikimbiza ile iliyomkimbia? Je, awasikiliza wenziwe, nao wamsikiliza? Atakayeshinda katika maswali hayo apewe muda, apewe ujira, na zaidi ya yote apewe wanafunzi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mzee wa zumari niliyemtaja hakuwa na kijana aliyeketi nyuma yake akitazama vidole. Atakapofumba macho, pumzi ile fupi yenye hekima itakwenda naye, na sisi tutasimama kaburini tukisema alikuwa hazina. Kijana hufuata mahali anapoona ubora umetambuliwa. Tukiwapigia wote makofi sawa, tumemfundisha kijana kuwa hapana cha kujifunza pale.

Basi, wewe usomaye, siku utakapoketi mbele ya wazee wawili wa muziki, fungua masikio na uchague. Kisha mfuate uliyemchagua nyuma ya jukwaa, umwamkie kwa adabu yako yote, na umwombe akuonyeshe vidole vyake. Mzee hatakuuliza umempigia makofi mangapi. Atafurahi kuulizwa alivyoweza.