Katiba haikusema tuombe ruhusa

BARAZANI
Na Bahati Mupenda

Ibara ya 26 ya Katiba yetu ya Kongo, ya 18 Februari 2006, ni fupi. Uhuru wa kuandamana unalindwa. Waandaaji wamjulishe kwa maandishi kiongozi wa utawala anayehusika. Wala mtu asilazimishwe kushiriki. Ruhusa haikutajwa. Lakini kijana wa kijiji kama Mpofi akifika ofisini na barua yake, huenda swali la kwanza likawa: “Nani amewaruhusu?”

Chanzo cha swali hilo ni amri-sheria namba 196 ya 29 Januari 1999, enzi za Rais Laurent-Désiré Kabila, nchi ikiwa vitani. Iliwapa wakubwa nafasi ya kudai kibali kwa mikutano ya barabarani na viwanjani. Ibara ya 221 ya Katiba imeshakata neno: sheria za zamani zitaendelea mradi hazipingani na Katiba. Basi amri ya 1999 haiwezi kuikalia Katiba kichwani.

Wataniambia: “Kuna hali ya dharura.” Kweli, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Ibara ya 144 inatoa siku 30, kisha nyongeza za siku 15, na nyongeza hizo zimefuatana mwaka baada ya mwaka. Tuseme ukweli pia: ibara ya 61, inayoorodhesha haki zisizoguswa hata wakati wa dharura, haikutaja maandamano. Mkuu wa kijeshi anaweza kuyabana. Lakini haki ya kwanza katika orodha hiyo ni uhai.

Goma, 30 Agosti 2023, waumini waliotaka kuandamana dhidi ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 50. Meya alikuwa amepiga marufuku maandamano hayo. Marufuku hiyo haikumpa askari haki ya kuua, na mwezi wa Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo kanali wa kikosi cha ulinzi wa rais.

Uganda waliupeleka ugomvi huu wa ruhusa kortini. Mwaka 2008, kisha Machi 2020, Mahakama ya Katiba ilisema polisi wasimamie mikutano, wasijipe mamlaka ya kuizuia wapendavyo. Majaji wetu Kinshasa wanaweza kusema hivyo hivyo, na Bunge liizike amri ya 1999.

Nao wenye bunduki, wa upande wowote, wanaowakusanya wanakijiji kwa nguvu uwanjani, wasome sentensi ile ya kutolazimishwa. Inawahusu.

Kwenu vijana: andikeni barua nakala mbili. Tajeni siku, saa, njia mtakayopita na majina ya wahusika. Nakala moja ibaki ofisini, ya pili irudi na muhuri na tarehe. Msibebe hata fimbo. Mkiwa na muhuri huo, mmeshajulisha, na ibara ya 26 haidai zaidi.