Klabu ni yenu, na hesabu ni zenu pia

Ukisikia magongo ya barafuni katika vyuo vya Marekani, pengine unawaza uwanja uliojaa pomoni, kamera za televisheni na vijana wanaosomeshwa bure kwa sababu ya kipaji. Hao wapo. Wanacheza chini ya NCAA, shirika kubwa la michezo ya vyuo kule, na kwa wanaume timu za divisheni ya kwanza ni sitini na kitu tu.

Lakini makomredi wengine wa huko wanacheza kivyao. Wana jezi ya chuo, wana makocha, wana ligi. Kile hawana ni mtu wa kuwalipia. Hizi ndizo timu za klabu, na wewe uliye katika klabu yoyote chuoni una jambo la kujifunza kwao.

Nyingi ziko chini ya American Collegiate Hockey Association, ACHA kwa kifupi, chama kilichoundwa mwaka 1991. Kina mamia ya timu, zilizogawanywa katika divisheni tatu za wanaume na mbili za wanawake. Chama ndicho kinachoamua nani anaruhusiwa kucheza: lazima uwe mwanafunzi halisi wa chuo hicho, na alama zako darasani zisianguke. Ndicho pia kinachopanga orodha ya ubora na kuandaa fainali za kitaifa kila msimu. Timu hulipa ada ya uanachama, na wachezaji hujisajili na USA Hockey, shirikisho la taifa, usajili ambao unakuja na bima.

Baada ya hapo, jipangeni. Chama hakikodi uwanja, hakilipi basi, hakinunui magongo.

Ndani ya chuo, klabu nyingi husajiliwa kama chama cha wanafunzi. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wote wanafunzi, wamechaguliwa na wenzao. Wao ndio huandika bajeti na kwenda kuomba mgao kutoka serikali ya wanafunzi. Mgao huo mara nyingi hautoshi, kwa hivyo kila mchezaji anatoa chake. Ada ya msimu inaweza kupita dola 1,000, na katika divisheni ya kwanza mara nyingi huwa juu zaidi. Barafu hukodishwa kwa saa, na saa za bei nafuu ni zile ambazo watu wengine wamelala. Ndiyo maana si ajabu timu kuanza mazoezi saa nne usiku, na kesho yake kuna darasa la asubuhi.

Utauliza, kwa nini wajitese hivyo? Kwa sababu anayelipa ndiye anayeamua. Wanafunzi wenyewe wanajadili watasafiri mara ngapi, watacheza na nani na pesa ziende wapi. Kosa la hesabu si kitu cha kulalamikia mitandaoni tu. Mkimaliza pesa mwezi wa pili, msimu umeishia hapo.

Angalia Penn State. Kwa miaka mingi timu yao ilikuwa ya klabu, tena bingwa wa kitaifa mara kadhaa. Mwaka 2010 bilionea Terry Pegula na mkewe Kim walitoa dola milioni 88. Uwanja ukajengwa, timu za wanaume na wanawake zikapanda NCAA mwaka 2012, na mwaka 2025 wanaume walifika nusu fainali ya taifa. Hongera kwao. Ila timu ikishafika huko, kauli ya mwisho ni ya idara ya michezo, si ya mkutano wa wanachama. Pesa kubwa huja na mwenyewe.

Hata hivyo, tusiupambe mfumo wa klabu kupita kiasi. Kijana mwenye kipaji asiye na dola 1,000 anabaki nje akichungulia kupitia kioo. Mweka hazina akihitimu, anaweza kuondoka na siri zote za akaunti kichwani. Na mtu akiumia saa tano usiku, mwenyekiti wa miaka ishirini si daktari.

Kwa hivyo msimamo wetu ni huu. Wanafunzi waachiwe usukani wa klabu zao, lakini chuo kisijifiche nyuma ya neno "klabu" linapokuja suala la usalama. Huduma ya kwanza, usafiri salama na mtu wa kupokea malalamiko ya kudhulumiwa ni jukumu la chuo, iwe timu inajilipia au hailipii.

Hapa kwetu unaijua Ice Lions, timu iliyojifunza kuteleza katika uwanja mdogo wa hoteli ya Panari, Nairobi. Mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo. Hawakungoja uwanja wa serikali.

Wewe pengine hutawahi kukanyaga barafu. Lakini uko katika klabu ya chesi, raga, maigizo au mdahalo. Katika kamukunji ijayo, kabla ya kumpigia kura yule jamaa mwenye maneno matamu, muulize pesa za mwaka jana zilienda wapi, na omba kuona karatasi. Muulize nani atashika daftari akihitimu, na mwenzenu asiye na mchango atasaidiwaje. Akikosa majibu, simama ugombee wewe. Mchango ulitoa, sasa toa na muda wako, kwa sababu klabu ambayo wanachama hawasomi hesabu zake ina mwenyewe tayari, na si nyinyi.