Mafuta ya Breki Hayapungui Bure

Gari la watalii lenye uzito wa tani 3 likishuka mita 600, kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro hadi sakafuni, hutoa nishati iwezayo kuchemsha lita 50 za maji. Dereva asipotumia gia nzito, sehemu kubwa ya joto hilo huzibebesha breki.

Gerejini Karatu husemwa: “Mafuta ya breki yamepungua, ongeza tu.” Sikubaliani na kauli hiyo. Mafuta hayo hayaungui kama dizeli. Yakipungua, ama pedi zimelika, ama yanavuja. Kanuni ya Pascal yasema kanieneo husambaa sawasawa katika kimiminika kilichofungiwa. Panapovuja hapajafungiwa, pedali hudidimia, gari halisimami. Tena mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa: aina ya DOT 3, ambayo ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 za sentigredi au zaidi, ikiingiwa na maji yaweza kuchemka karibu na 140. Mvuke hubanika, nguvu ya mguu ikapotea.

Kwa hiyo kuongeza si kutengeneza. Walimu, ifundisheni kanuni hii kando ya gari, si ubaoni tu. Mwanafunzi wa leo ndiye fundi wa kesho.